Michezo ya Video: Alama Zetu Sisi Wauguzi



Wapo watu ambao kazi yao ni kuicheza michezo ya video, yaani gemu, kisha kuipa alama magazetini: huu nane kwa kumi, ule sita. Wanatazama kama picha ni safi, kama sauti inavutia, na kama mchezaji hachoki upesi. Hatuwadharau, wanaijua kazi yao. Lakini kwao mchezo usiomwachia mtu ainuke mara nyingi ndio unaosifiwa, na hapo ndipo tunapoachana nao. Sisi wa wodini humwona mtoto baada ya kuinuka, na pengine baada ya kuanguka. Basi turuhusiwe nasi kutoa alama zetu.

Wazazi wengi hutuuliza kwanza habari za gemu za kupigana. Mchezo wa Mortal Kombat, uliotoka mwaka 1992, ndio uliowashtua wakubwa wa Marekani. Kwa sababu ya damu yake na ya michezo mingine, Seneti ilikaa kuijadili Desemba 1993, na mwaka 1994 watengenezaji wakaanza kuandika alama za umri juu ya makasha. Ulaya wana alama zao tangu mwaka 2003. Grand Theft Auto V, wa mwaka 2013, uliandikwa huko kuwa ni wa miaka 18. Hukumu yetu ni fupi: namba ile isomwe kama mnavyosoma tarehe ya kuisha kwa dawa. Na mtoto wa miaka tisa akishtuka usiku na kupiga kelele, msitafute mchawi kabla hamjauliza alicheza nini jioni.

Mpira wa miguu wa FIFA, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC, ndio tunaoukuta mara nyingi katika mabanda ya gemu. Tunaupenda. Mechi ina mwisho, vijana huketi wawili wawili bega kwa bega, na aliyefungwa humpisha mwenzake. Tungeupa nane, lakini tunaupunguzia mbili kwa ajili ya vile vipakiti vya wachezaji vinavyouzwa ndani yake kwa pesa halisi. Unalipa bila kujua utamkuta nani, sawasawa na bahati nasibu. FIFA 22 ulipata Ulaya alama ya umri wa miaka 3! Ubelgiji hawakukubali: mwaka 2018 tume yao ya kamari ilisema jambo hili ni kamari, na Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza pesa hizo za mchezo katika nchi ile. Mzazi unayemwachia kijana simu yenye pesa na namba ya siri, fahamu hilo.

Candy Crush Saga wa mwaka 2012 hauna risasi wala tusi, ni peremende tu. Hata hivyo tunaupa nne. Una roho tano. Ukipoteza moja hurudi baada ya nusu saa, nawe unairudia. Hauna mwisho unaoonekana. Wapo watu wazima wanaoingia kazini na macho mekundu kwa ajili yake, na wengine wamevaa sare nyeupe. Tusiseme ni nani kati yetu.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Lakini tusimwite kila kijana mgonjwa. Dalili ni kwamba mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha, naye anaendelea ingawa anaona madhara, na hali hiyo kwa kawaida imedumu mwaka mzima au zaidi. Anayechelewa kuchota maji siku moja hana ugonjwa huo.

Tetris tunaupa tisa. Ni vipande tu vinavyoshuka na kupangwa. Aliutunga Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Mwaka 2017 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walitoa matokeo ya akina mama 56 waliozaa kwa upasuaji wa dharura. Wale waliocheza Tetris kwa dakika 15 katika saa sita za kwanza walisumbuliwa kidogo zaidi na picha za kutisha za tukio lile katika wiki iliyofuata. Ni utafiti mdogo. Lakini anayejua macho ya mama aliyekimbizwa chumba cha upasuaji usiku hawezi kuupuuza.

Limebaki jambo moja linalotulemea. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwetu kijana wa miaka 12 aliyeanguka katika banda la gemu. Wenzake walimkimbia wakisema ana pepo. Daktari alimwandikia vidonge vya kifafa. Sisi, katika kumwelekeza mama, tukamwambia, “Mama, ni ile mashine.” Tulidhani tunamsaidia. Mama akamkataza mwanawe bandani, na kwa kuwa mashine haipo tena, akaona hata vidonge havina kazi. Kuacha dawa hizo ghafla ni hatari. Baada ya miezi miwili kijana aliangukia mafigani, mkono ukaungua hadi kiwikoni.

Kosa lile lilikuwa letu. Gemu haileti kifafa. Mwanga unaowaka na kuzimika upesi upesi unaweza kukiamsha kwa wachache walio nacho, kama watatu katika kila mia. Huko Japani, tarehe 16 Desemba 1997, watoto 685 walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi cha katuni za Pokémon chenye mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana kwa kasi. Mtoto wa namna hiyo akae mbali na kioo, chumba kiwe na taa, apumzike mara kwa mara, asicheze akiwa na usingizi. Mwanga ukianza kumsumbua, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuka pembeni. Vidonge asiviache.

Mkono wa kijana yule umepona, ingawa kiwiko hakinyooki vizuri. Anameza vidonge vyake kila jioni. Siku za likizo mama humruhusu saa moja bandani. Mwenye banda tumemfundisha kumlaza ubavu na kutomtia kijiko mdomoni; amemwekea kiti cha nyuma karibu na mlango, na taa haizimwi.