Vijana wa Sofu wasisubiri mitambo ya mamilioni

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mawasiliano ya intaneti yalizorota ghafla nchini Tanzania na katika nchi jirani kadhaa. Nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa kusini. Miezi michache kabla ya hapo nyaya nyingine, sehemu ya Seacom yenyewe ikiwamo, zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, hata njia ya kaskazini nayo ikawa finyu. Mwananchi wa kawaida aliona tu kwamba simu yake haifungui kitu. Lakini mahali fulani palikuwa na mafundi waliopaswa kuihamisha mizigo ya taarifa kutoka njia iliyokufa kwenda njia iliyosalia, tena upesi.

Mafundi wa namna hiyo hupatikana wapi, nao hufundishwa kwa kitu gani?

Ukweli usiopendeza ni kwamba mahali pengi somo la mitandao bado hufundishwa kwa chaki. Mwalimu huchora miduara ubaoni, huiunganisha kwa mistari, na mwanafunzi huinakili. Sababu itolewayo daima ni fedha. Ruta, yaani mtambo upokeao taarifa na kuamua zipite njia ipi hadi ziendako, huwa ghali mno inapokuwa ya kuhudumia mkoa mzima; na mtandao mpana, uunganishao miji iliyo mbalimbali, hauhitaji ruta moja bali nyingi. Zamani sababu hiyo ilikuwa na uzito. Leo imekuwa kisingizio.

Yafaa ieleweke kwamba akili ya ruta ni programu, na programu haidai kukaa ndani ya sanduku la chuma. Kompyuta moja ya kawaida, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, huweza kubeba ruta pepe kumi na zaidi, kila moja ikijiona kuwa ni mtambo kamili. Linux hutolewa bure. FRRouting, programu ya ruta iliyotokana na Quagga mwaka 2017, nayo hutolewa bure. GNS3, ambayo humwezesha mtu kuzipanga ruta hizo kwenye kioo na kuziunganisha, ni bure vilevile.

Basi na achukuliwe kijana wa kata ya Sofu, huko Kibaha. Ataipa ruta moja jina la Sofu, ya pili Dar es Salaam, ya tatu Dodoma, ya nne Mwanza, ya tano Arusha, naye ataziunganisha kwa njia zaidi ya moja. Kwa kuwa mwanga hupita ndani ya waya wa kioo kwa kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, ataiamuru kompyuta icheleweshe taarifa kwa milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Akitaka kujua hali ilivyokuwa kabla ya Seacom kufika Dar es Salaam mwaka 2009, wakati mawasiliano ya nje yalipotegemea setilaiti, ataweka ucheleweshaji wa karibu nusu sekunde kwa kwenda na kurudi. Atajionea mwenyewe mazungumzo yanavyokuwa ya kusubiriana.

Kisha ataikata njia ya Dodoma. Hapo ndipo elimu yenyewe ilipo. Kwa kawaida ruta zinazotumia itifaki ya OSPF hupeana salamu kila sekunde 10, na jirani asiyesikika kwa sekunde 40 huhesabiwa kuwa amekufa. Njia ikifungwa kwenye ruta yenyewe, habari huenea mara moja. Bali ikikatika mbali, nyuma ya mtambo wa kati, ruta ya Sofu itaendelea kupeleka taarifa shimoni mpaka sekunde hizo ziishe. Kijana aliyeziona sekunde 40 za namna hiyo zikipita hatazisahau. Aliyezisoma ubaoni atazikumbuka mpaka siku ya mtihani.

Wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa watoto. Kwa sehemu wana haki. Ruta pepe haipigwi na radi, haikatiwi umeme, wala haimfundishi mtu kuunga waya wa kioo akiwa ndani ya mtaro wenye tope. Kazi hizo zitaendelea kutaka mkono na vifaa halisi. Lakini rubani naye huanzia kwenye mtambo wa kuigiza, na hakuna abiria aliyewahi kulalamikia jambo hilo.

Kibaha si mahali pa kuambiwa maana ya elimu ya vitendo. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanza hapo mwaka 1963, na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha, uliweka pamoja shule, tiba na mafunzo ya wakulima. Kompyuta moja na mwalimu mmoja aliye tayari kujifunza ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na hayo.

Kilichobaki ni mitihani. Chuo kitoacho cheti cha mitandao hakina budi kumweka mtahiniwa mbele ya ruta kumi pepe, msimamizi akate njia moja kwa siri, na mtahiniwa apewe nusu saa ya kuitafuta na kuyarejesha mawasiliano kati ya Sofu na Mwanza.