Tahadhari kwa Wazazi wa Ole: Tuwafunze Vijana Kabla ya Pesa ya Karafuu

Ndugu zangu wa Ole na vijiji jirani, msimu wa karafuu ukifunguliwa, pesa haziingii mikononi mwa wenye mashamba peke yao. Anayepanda mkarafuu hulipwa kwa pishi. Anayekaa jioni kuchambua makonyo hupata chake. Hata mtoto wa miaka 12 anayeokota karafuu zilizoanguka chini ya miti hapati taabu ya kumpata wa kumnunulia. Kwa wiki chache tu, kijana wa skuli hushika pesa ambazo hajawahi kuzishika mwaka mzima, na hakuna aliyekaa naye kumwambia azifanye nini.

Zamani hasara ya pesa hizi ilikuwa na mpaka. Kijana alinunua viatu, akala chipsi Chake Chake, akatamba siku mbili tatu, pesa zikamalizika na mambo yakaishia hapo. Leo pesa zikimalizika ndipo balaa linapoanza, kwa sababu simu iliyo mkononi mwake inaweza kumkopesha, kumchezesha kamari na kumwahidi utajiri, yote kwa usiku mmoja akiwa amejifunika shuka. Ndiyo maana natoa tahadhari hii sasa, kabla mkarafuu wa kwanza haujapandwa.

Laini ni ya nani?

Tuanze na jambo ambalo wazazi wengi hawajalitilia maanani. Tangu Januari 20, 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa aliyefikia miaka 18. Basi kijana wa miaka 15 anayetembea na simu, mara nyingi laini yake imesajiliwa kwa jina la mama, la kaka, au la ami aliyekuja likizo akamwonea huruma.

Maana yake ni nzito. Kila anachokifanya kijana kwa laini ile, kwenye kumbukumbu za kampuni kimefanywa na mwenye jina. Akikopa, aliyekopa ni mama yake. Asipolipa, mwenye rekodi mbaya ni mama yake, na mama huyo huenda akaligundua hilo siku atakapokwenda kuomba mkopo wa kununulia cherehani. Umri wa miaka 18 uliowekwa na sheria unamzuia kijana anayejitaja kwa jina lake. Kijana anayetumia jina la mzazi, mtambo unamwona mtu mzima.

Kubeti: hesabu ambayo kijana haioni

Balaa la kwanza ni kubeti. Hapa kwetu uharamu wa kamari unajulikana na kila mtoto aliyekaa chuoni, lakini kijana akiwa na simu haoni kuwa anacheza kamari. Anaona kuwa anaujua mpira. Anajua nani ameumia Arsenal na nani amerudi Yanga, na anadhani ujuzi huo utamlipa.

Mwekeeni hesabu mezani. Tuseme kampuni inajibakishia shilingi 5 katika kila 100 kwa kila mechi. Kijana akiunganisha mechi 5 katika mkeka mmoja, kile kipunguzo hujirudia mara tano, na katika kila shilingi 100 alizoweka, kinachotarajiwa kurudi ni kama 77. Akiunganisha mechi 10, ni kama 60. Kadiri mkeka unavyorefuka na ahadi ya ushindi inavyokuwa kubwa, ndivyo sehemu ya kampuni inavyonenepa. Ujuzi wa mpira hauwezi kuifuta hesabu hiyo, kwa sababu ipo ndani ya bei kabla mpira haujapigwa.

Upo pia ule mchezo wa kindege kinachopaa kwenye kioo, kijana akitakiwa kutoa pesa kabla hakijatoweka. Mechi ya mpira huchukua dakika 90 na kumpa mtu muda wa kupoa. Kindege kinamalizika kwa sekunde na kuanza upya. Kijana aliyezoea kupoteza shilingi 500 kwa siku anaweza kuipoteza 500 hiyo mara ishirini baina ya Magharibi na Isha.

Na msiidharau 500. Kwa mwezi wa siku 30 ni 15,000. Kwa mwaka ni 180,000. Hizo ni sare, madaftari, na nauli ya kwenda na kurudi. Zinatoka kidogo kidogo, na hakuna wa kuuliza.

Jirani zetu wameshapita njia hii. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, iliuweka umri wa kucheza kamari kuwa miaka 25. Kenya, mwaka 2019, serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, lakini tabia ilikuwa imeshaota mizizi, na mwaka 2025 ikabidi matangazo ya kamari yasimamishwe kwa siku 30. Amri hizo zilikuja baada ya vijana wengi kuzama. Ole bado tuna nafasi ya kutangulia.

Mikopo ya simu: deni lisilogonga mlango

Balaa la pili ni mkopo wa simu, ule ambao watu wameuita kausha damu. Kijana aliyepoteza pesa kwenye mkeka hutaka kuzirudisha usiku uleule. Anapakua programu, anajaza jina na namba za mwenye laini, anakubali kila anachoulizwa bila ya kusoma, na pesa inaingia kwa dakika chache. Katika yale aliyoyakubali, mara nyingi ameiruhusu programu isome namba zote za watu waliomo kwenye simu.

Tuseme amekopa 20,000 na ametakiwa arejeshe 26,000 baada ya siku saba. Kwake yeye ni 6,000 tu ya nyongeza. Kwa hesabu ni asilimia 30 kwa wiki moja. Siku ya nane ikifika hana, anakopa programu ya pili kulipa ya kwanza, na ya tatu kulipa ya pili. Halafu ujumbe unaanza kuingia kwa shangazi, kwa mwalimu wa chuoni, kwa imamu, ukisema fulani ni mdaiwa asiyelipa. Fedheha hiyo ndiyo silaha yao, na kwa kijiji ambacho kila mtu anajuana, inakata kuliko deni lenyewe.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni na kuwaonya wananchi wasizitumie. Lakini programu ikifungwa kwa jina moja huweza kuibuka kwa jina jingine, kwa hiyo orodha hiyo haitoshi kuwa kinga ya pekee. Tazameni Kenya tena: utafiti wa MicroSave ulionesha kuwa, katika mamilioni ya watu walioandikwa kuwa wadaiwa wabaya, wasiopungua 400,000 waliandikwa kwa deni lisilofika dola 2 za Kimarekani. Mtu anachafuliwa jina kwa bei ya sahani ya wali.

Nasema pia la watoto wa kike, na tulisikie bila ya kuona haya. Msichana mwenye deni analoogopa kulisema nyumbani ni msichana aliye hatarini. Yupo mtu mzima atakayejitolea kumlipia, na hatalipa bure. Anayedhani jambo la pesa ni la wavulana peke yao analiacha geti wazi.

Upatu wenye majina mapya

Balaa la tatu ni upatu wa kitapeli. Watanzania waliwahi kuahidiwa na taasisi ya DECI kuwa wakipanda mbegu watavuna mara kadhaa. Serikali ilipoingilia mwaka 2009, wengi walibaki mikono mitupu. Mapema mwaka 2025 ikaja nyingine, LBL, watu wakiambiwa walipe kwanza kisha walipwe kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu. Mfumo wake ulikuwa uleule: anayelipwa leo analipwa kwa pesa ya aliyeingia leo, na siku wapya wakikosekana, mlango unafungwa.

Wafundisheni vijana alama zake chache. Ukitakiwa ulipe ili upate kazi, kimbia. Ukiahidiwa faida ya uhakika kila siku, kimbia. Ukiambiwa ulete wenzako ndipo ulipwe zaidi, kimbia, na uwakataze wenzako.

Dini imeshatuonesha mpango

Tunao mwongozo wa kale kuliko simu. Sura ya An-Nisaa, katika aya ya sita, imeelekeza mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana wana busara ya kutumia mali, ndipo wakabidhiwe mali zao. Tuangalie utaratibu wake: kujaribiwa kumetangulia kukabidhiwa. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Kijana wetu anahifadhi aya hizo kwa tajwidi nzuri, lakini hajawahi kupewa daftari akaambiwa andika ulichopata na ulichotumia. Wazee walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawaomba pia wazazi: msizichukue pesa zote za kijana kwa nguvu mkadhani mmemwokoa. Aliyenyang'anywa mara moja hujifunza kuficha, na pesa iliyofichwa ndiyo inayokwenda kwenye simu. Mwachieni fungu lake, akosee kwa kidogo machoni penu, kabla hajakosea kwa kikubwa mbali nanyi.

La kufanya wiki hii

1. Piga *106# kwenye simu yako uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwa kampuni husika iondolewe. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

2. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu. Mtoto uliyemzoesha kukutolea pesa kwa wakala anaijua ya zamani.

3. Kaa na kijana wako kabla ya kuanza kuchuma, mkubaliane mafungu matatu: la skuli, la akiba, na la matumizi yake mwenyewe. Kila mmoja ataje kiasi. Yaandikwe, wote wawili mtie saini. Fungu la matumizi ni lake kweli, usimsimange nalo.

4. Fungu la akiba lisikae mfukoni wala kwenye simu. Benki zilizopo Chake Chake na Wete zinafungulia watoto akaunti kwa dhamana ya mzazi. Asiyetaka benki, kibubu kitunzwe na mtu mwingine asiyekuwa kijana mwenyewe.

5. Wanawake mlio katika vikundi vya kuweka na kukopa, mtindo ulioenea visiwani kwetu kutoka Jozani kule Unguja, wachukueni vijana wenu siku ya mkutano. Waone sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu na sanduku kwa wa nne. Waone pesa zikihesabiwa mbele ya wote na kila hisa ikipigwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Saa moja ya kutazama vile itawafunza uaminifu wa pesa kuliko maneno yangu yote.

6. Mawakala na wenye maduka, msimwekee mtoto wa skuli pesa kwenye akaunti ya kubeti, wala msimkopeshe bila ya mzazi kujua. Faida ya elfu moja haiwafidii kwa mtoto wa jirani aliyeharibika.

Akiwa ameshaingia

Zipo dalili. Kijana anaficha kioo cha simu unapopita. Anakesha siku za mechi na asubuhi ana hasira isiyo na sababu. Anakopa elfu moja moja kwa watu tofauti. Vitu vidogo vinapungua nyumbani, na shambani karafuu mbichi zinapotea kabla ya kufika kwenye jamvi.

Ukiziona, usianze na fimbo. Anayeogopa kipigo atakopa tena ili kuficha deni la kwanza. Mwambie aandike kila anachodaiwa, na nani, na kwa tarehe gani. Asikope kwingine kulipia. Deni la mkopeshaji mwenye leseni lipangiwe malipo, kwani dawa ya deni ni kulipa. Programu isiyo na leseni inayotisha na kusambaza jina lake, hifadhini ujumbe wake na muupeleke polisi. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kumfedhehesha mtu kwa namba zilizosomwa kwenye simu yake si jambo la kunyamaziwa. Watu waliopokea ujumbe ule waambieni ukweli nyinyi wenyewe. Fedheha ikishasemwa na mzazi, mkopeshaji hana tena cha kutishia.

Masheha waitishe vikao vya wazazi kabla ya kuchuma kuanza. Makhatibu watenge Ijumaa moja kwa jambo hili, na walimu wa skuli na wa madrasa wawape wanafunzi ile hesabu ya mkeka wa mechi 5 waikokotoe wenyewe. Kwa kawaida uchumaji huanza Julai. Kila nyumba yenye kijana iwe imeshayaandika yale mafungu matatu kabla ya pishi ya kwanza kulipwa.