Honi ya Mtoto, Mfuko wa Wawili

Mwezi huu kwetu kilichotugombanisha si meseji za usiku wa manane, ni honi ya Kifaransa! Ndiyo, lile tarumbeta lililojikunja duara. Binti yetu anajifunza, na ya kuazima imerudi kwa mwenyewe. Baba watoto akataka mpya inayong'aa, tena kwa mkopo wa kazini. Nikamwambia, mume wangu, vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu.

Kama mfuko mdogo, bora mtumba wa Yamaha, Conn au Holton kuliko mpya ya jina lisilojulikana, isiyo na spea. Anayeanza inamtosha honi ya F peke yake. Ile ya mbili kwa moja, F na B-flat, inasaidia noti za juu, ila ni nzito na ghali.

Mkienda kukagua, mchukueni mwalimu. Bonyeza kila valvu, izunguke bila kukwama. Kisha chomoa kimrija chake bila kubonyeza: kikilia "pop!", upepo hauvuji. Kikigoma kutoka, hiyo ni hela ya fundi. Vidoa vya rangi ya waridi? Shaba inalika, achaneni nayo.

Sisi tumechukua mtumba, bila mkopo. Ushauri wangu: kubalianeni kiwango mkiwa nyumbani, si mbele ya muuzaji, na tengeni kidogo cha mafuta na fundi. Honi ikitoboka inazibwa. Deni la kufichana, je?