Bodaboda ya umeme: Uliza betri itaishia wapi

Msomaji, unaposubiri abiria au usafiri kijiweni Rau, moshi wa pikipiki unaingia moja kwa moja kwenye mapafu yako. Pikipiki ya umeme haitoi moshi huo. Kwa dereva anayeshinda barabarani, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini betri huchakaa. Baadhi zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto; Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Za lithiamu zikipasuliwa zinaweza kushika moto.

Maji ya Mto Rau humwagilia mpunga tunaokula. Kabla hujanunua, kubaliana na muuzaji aichukue betri ikichakaa. Usiipasue uani, wala usiitupe mferejini.