Mto Upimwe Ukichafuka

Mvua za masika zikikolea Ukambani, bahari ya Malindi hugeuka kahawia. Mto unaoingia baharini pale kwa jina la Sabaki ndio huohuo Athi wa wakulima wa Machakos, na ndio Galana ukishaungana na Tsavo. Tope la shamba la mtu bara huja kutua juu ya matumbawe ya hifadhi iliyotengwa tangu 1968. Toleo hili linahusu chembe zinazoelea majini, na ugomvi wangu ni mmoja: mito yetu tunaipima siku ambazo haina la kusema.

Kupima kwenyewe si kazi ya kutisha. Maji ya ujazo unaojulikana hupitishwa kwenye chujio lililokwisha kupimwa uzito; chujio hukaushwa kwa joto la nyuzi 103 hadi 105, likapimwa tena. Uzito ulioongezeka ndio jibu, kwa miligramu kwa lita. Kanuni za Kenya za 2006 zilitaka vyanzo vya maji ya nyumbani visizidi 30. Sawa. Lakini sampuli huchukuliwa lini? Mara nyingi ni kiangazi, gari linapoweza kufika ukingoni, ilhali sehemu kubwa ya mashapo ya mwaka mzima hupita katika siku chache za mafuriko, hasa mvua za kwanza zikikuta ardhi tupu. Na tope halisafiri peke yake: hubeba fosforasi na dawa za shambani, na huwakinga vijidudu dhidi ya klorini.

Kumbukumbu tuliyoshindwa kuiweka sisi, tumbawe liliiweka. Watafiti waliopima bariamu, inayofika baharini pamoja na udongo, katika tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, walichapisha mwaka 2007 kwamba mmomonyoko ulipanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za ukoloni. (Wanaomlaumu mkulima wa leo peke yake wasome hapo mara mbili.)

Machakos wana matuta ya fanya juu, na yanazuia udongo. Yanazuia kiasi gani masika yakipamba moto? Jibu halitoki kwenye chupa moja ya Februari. Linataka mtu wa kijijini anayelipwa kuchota maji saa kwa saa mafuriko yanaposhuka, usiku pia, kule Machakos na tena Baricho, ambako visima vya kando ya mto huuhuu huinywesha pwani hadi Mombasa.