Moshi Mweusi Sio Nguvu, Mastaa Acheni Kudanganya Watoto wa Watu

Kiki ya mjini sasa hivi sio cheni wala mjengo. Ni Land Cruiser mkonga ya zamani iliyofungwa turbo. Staa anakanyaga mafuta, wingu jeusi linatoka kwenye ekzosi, simu zinarekodi, kapsheni: "Chuma kimeamka." Likes zinamiminika. Kesho yake dogo aliyejikusanya miaka mitatu anaingia gereji: "Fundi, nataka itoe moshi kama ya yule."

Huo moshi ni dizeli ambayo haijaungua vizuri. Ni hela inapepea, basi.

Injini iliyojaa kwenye hizo gari ni 1HZ: silinda 6, cc 4,164, ilitoka mwaka 1990 bila turbo. Toyota hao hao walikuwa na ndugu yake, 1HD-T, cc zile zile, yenye turbo. Unadhani walibandika turbo tu wakaenda zao? Wapi! Pistoni nyingine, silinda hedi nyingine, na pampu ya dizeli nyingine.

Pampu ndiyo inayoamua mafuta kiasi gani yaende kwenye nozeli, na yaende saa ngapi. Turbo kazi yake ni kuleta hewa. Ukileta hewa bila kugusa pampu, utofauti ni kiduchu. Ukizidisha mafuta kuliko hewa, unapata moshi na joto kali. Na joto hilo ni la ndani kabisa: geji ya rejeta inaweza kutulia katikati huku pistoni inaanza kuyeyuka au silinda hedi inapata ufa.

Pampu ya gari ya turbo ina kiwambo cha mpira juu yake. Turbo ikianza kupuliza, hewa inasukuma kile kiwambo, ndipo mafuta yanaongezeka. Pampu ya kawaida haina hiyo akili. Ukiikaza skrubu ya mafuta, inamwaga hata kabla turbo haijaamka. Ndiyo maana wingu linatoka pale gari inapoondoka. Yaani kinachoshangiliwa kwenye video ni kazi ambayo haijafanyika.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Pampu inashushwa, inabadilishwa au inafungwa hicho kiwambo, inapimwa kwenye mashine kila njia itoe mafuta sawa. Ikirudi, taimingi inasetiwa kwa geji inayosoma vipande vya milimita. Halafu inafungwa geji ya kupima joto kwenye ekzosi, mafuta yanaongezwa kidogo kidogo. Nani ataposti hiyo?

Mafundi wanajua haya yote. Wakisema, "Boss, pampu lazima ishuke," wanajibiwa, "Fundi, we kaza tu hapo, jioni nashuti." Malipo? "Nitakutag." Injini ikifa, tag inafutwa na fundi anaitwa tapeli mtandaoni. Staa anahamia gari nyingine. Fundi anabaki na jina bovu, dogo wa miaka mitatu anabaki na injini iliyopasuka na gari ambayo hata dalali haitaki.

Kuna watakaosema gari ni yake, hela ni yake, mwacheni ale ujana. Sawa, ale. Lakini akishauza hiyo video kama somo, sio yake peke yake tena. Na huo moshi hauvuti yeye ndani ya AC. Anavuta bodaboda aliye nyuma yake, na mama anayeuza vitumbua pembeni ya barabara.

Turbo sio dhambi. Ikifungwa na pampu iliyosetiwa, gari inapanda mlima bila kulalamika na ekzosi iko safi. Staa anayetaka sifa za kweli aposti hiyo, na amtaje fundi wa pampu kwa jina, akiwa ameshamlipa.

Wadau, nani mwenye kosa hapa: staa, fundi aliyekubali, au dogo aliyeiga? Tiririkeni kwenye komenti.