Mashini ya kufua ikipiga kelele usiku, mwenye nyumba ndiye aanze kuuliza

GOMA – Katika parsele nyingi za Majengo, Katoyi na Ndosho, nyumba tatu au nne zinasimama karibu karibu. Kuta ni za mbao, na chini ni mawe ya volkano. Mtu akikohoa upande huu, jirani wa upande wa pili anamwambia pole. Ndani ya nyumba kama hizo, familia chache zenye uwezo zimeanza kuingiza mashini ya kufua, mara nyingi ile iliyokwisha kutumika kwingine. Inapofika wakati wa kukamua nguo, mbao zote zinatetemeka, masufuria yanagongana, na parsele nzima inaamka.

Watu wengi wanalichukua kuwa jambo dogo, la kuchekesha tu. Lakini ni lazima kuangalia nani analala nyuma ya ukuta huo. Vita viliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na katika Februari kambi zilizokuwa kandokando ya mji zilivunjwa. Kuna waliorudi vijijini. Wengine walibaki mjini, kwa ndugu, kwa rafiki, au katika chumba kimoja cha kupanga. Mtoto aliyekimbia Masisi au Rutshuru usiku, huku silaha zinalia, hajui kutofautisha haraka mlio wa chuma na mlio wa bunduki. Anaamka analia, na mama yake hana la kumwambia isipokuwa kumshika.

Mama huyo hatapeleka malalamiko. Amepewa mahali pa kulala bila kulipa, au analipa nusu, au ana deni la miezi miwili. Anajua vizuri methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Amekaa zaidi ya siku mbili, na zaidi ya miezi miwili. Akisema mashini inamsumbua, anaogopa kuambiwa atafute kwingine. Kwa hiyo ananyamaza, na mwenye nyumba anafikiri kwamba kila mtu analala vizuri.

Ndiyo maana si haki kungoja mgeni aseme. Mwenye mashini ndiye anayepaswa kuuliza kwanza: "Mama, usiku ile mashini inawaamsha?" Swali hilo halilipishwi hata franka moja.

Kuna wanaojibu kwamba mtu amenunua kitu kwa jasho lake, na mgeni avumilie. Wana sehemu ya ukweli. Nyumba iliyopokea watu wanane au kumi ina nguo nyingi, na mama aliyekubali mzigo huo hastahili kulaumiwa kwa kupumzisha mikono yake. Hakuna anayemwomba aizime mashini kwa siku zote. Kinachoombwa ni kuitengeneza, kwa sababu kelele nyingi zina dawa, na dawa nyingine haihitaji pesa.

Mashini nyingi za kufua, wakati wa kukamua, zinazungusha pipa lake mara 1000 hadi 1400 kwa dakika moja. Ikisimama upande upande, inaruka. Kwanza ichomolewe kwenye umeme, kisha isukumwe kwa mkono kwenye kila pembe. Ikiyumba, miguu yake minne inazungushwa kupanda au kushuka mpaka itulie. Asiye na kipimo cha mwashi aweke juu yake chupa yenye maji kidogo, akiilaza. Maji yataonyesha upande uliolala.

Pili, sakafu ya mbao inaongeza mlio kama ngozi ya ngoma. Mashini ikitoka juu ya mbao na kuwekwa juu ya saruji kidogo iliyomwagwa moja kwa moja juu ya mawe, bila kugusa ukuta, majirani watasikia tofauti siku hiyo hiyo.

Tatu, nyuma ya mashini iliyosafirishwa kutoka mbali kunaweza kubaki bolti tatu au nne zinazofunga pipa lisicheze njiani. Aliyeiuza anaweza kusahau kusema kwamba lazima zitolewe kabla ya kuiwasha. Zikibaki, mashini itapiga kelele kama gari lisilo na springi, na itaharibika mapema.

Nne, isijazwe kupita kiasi, wala isipewe blanketi moja tu peke yake. Blanketi hilo linanyonya maji, linakusanyika upande mmoja, na pipa linapiga huku na huku. Blanketi na mapazia ni afadhali kufuliwa kwa mkono. Goma haina upungufu wa akina mama waliohama ambao wanaishi kwa kufulia watu nguo. Kuwapa kazi hiyo na kuwalipa vizuri kunatuliza mashini na kunaleta unga katika nyumba nyingine.

Mlio wa kugonga ndani unaweza kuwa msumari au sarafu iliyosahauliwa mfukoni. Ufunguliwe mlango mdogo wa chini na kusafishwa. Mlio wa kusaga unaozidi kila wiki ni kazi ya fundi: pengine ni beringi, vile vyuma vya duara vinavyobeba pipa. Kuzidi kuitumia hivyo ni kutupa pesa.

Linabaki suala la saa. Umeme ukikosekana mchana kutwa na kurudi saa nne ya usiku, si kosa la mama kutaka kufua wakati huo. Lakini mashini nyingi zinakubali kufua bila kukamua. Nguo zinafuliwa usiku kwa mlio mdogo, zinangoja ndani, na zinakamuliwa asubuhi watoto wakiamka, kama umeme bado upo. Umeme ukiwa umeondoka, mikono miwili na kamba ya nguo vinatosha.

Wakaaji wa parsele moja wanaweza kupatana hayo wenyewe bila kumwita mkubwa wa nyumba kumi. Patano zuri ni lile ambalo hata anayelala bure anaulizwa neno lake. Familia iliyofungua mlango wakati wa vita ilifanya jambo kubwa ambalo wengi hawakuweza. Isikubali wema huo uharibiwe na mguu mmoja wa mashini ambao haukukazwa.